Mama Lovina, Aliyekataa Msichana Azimie

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache hapa Holyoke, asubuhi ya theluji, ukiwa umeshamgombeza daktari kwa kukwambia usiongee.

Tunaukumbuka upendo wako. Tunayakumbuka na maharage yako ya Jumamosi ambayo, Mungu atusamehe, yaliungua kila ulipokuwa unaandika.

Vitabu vyako vya wasichana wacheza mpira wa kikapu vinajulikana. Wasichojua watu ni jinsi ulivyompata Baba. Enzi zile kikapu kilikuwa kikapu kweli, cha kuvunia matunda, kina kitako. Mpira ukiingia, sharti mtu apande ngazi autoe. Mlicheza ukumbi wa kanisa, sketi hadi vifundoni, na wanaume walikatazwa kutazama. Orrin Stebbins peke yake aliruhusiwa, maana ngazi ilikuwa yake. Siku hiyo akaganda huko juu, mpira mkononi, akikukodolea macho.

"Kaka wa ngazini!" ukamwita. "Unauatamia huo mpira?"

Akaurusha, akaanguka pamoja na ngazi. Mwaka haukuisha, mkaoana.

Na yule mchapishaji, Bwana Pettibone, alipokuja kuzungumzia kitabu chako cha kwanza! Alikula sahani mbili, akajifuta masharubu.

"Hadithi nzuri, Bi Stebbins. Ila mwishoni Winifred azimie uwanjani, kijana ambebe. Bila hivyo sichapi."

"Azimie kwa nini?"

"Si msichana huyo! Mwili wake utaweza wapi?"

Kitabu hicho ulikitaka kama roho yako. Ulikiandika kwa mkono mmoja, mwingine umempakata Chauncey ananyonya.  Lakini ukavua aproni.

"Haya, twende uani tucheze. Nikichoka kabla yako, Winifred atazimia."

Alicheka, akavua koti. Muda si muda alikuwa chali kwenye nyasi kando ya banda la kuku, mwekundu kama upanga wa jogoo, akihema kama mivukuto ya mhunzi. Wewe hata nywele hazijafumuka.

"Baba Hester," ukamwita Baba, "njoo umbebe huyu kijana."

Kitabu kikatoka. Winifred hakuzimia; aliyezimia ni refa. Bwana Pettibone aliendelea kututembelea miaka yote, ila sahani ya pili hakuigusa tena.

Baba hajambo, Mama. Huhudhuria mechi zote za wasichana na kuwazomea marefa kwa niaba yako. Wamemtoa ukumbini mara mbili. Jumapili huwasomea wajukuu vitabu vyako. Akifika pale mpira upo hewani, haujaingia, hufunga kitabu, akasema kuni zimepungua, akatoka nje. Kuni zimejaa hadi dirishani. Wajukuu humalizia wenyewe, kwa sauti kubwa, ili asikie huko aliko.

Unakumbukwa na mumeo Orrin, wanao Hester, Almira na Chauncey, dada yako Thirza, wajukuu wote, na wasichana uliowafundisha kurusha mpira.

Maadamu tungali hai, Mama, hutasahaulika.