Mahali pa Moto wa Kilio

Likasi, Jumamosi, mwisho wa Aprili

Mkono bado unauma kwa kushika panga. Mvua zinaisha, kwa hiyo nimefyeka gazoni, majani ya mbele ya nyumba, ikawa fupi, kama marehemu mume wangu alivyofanya kila mwaka kabla ya kiangazi.

Lile duara jeusi katikati ya gazoni, pale watu wa kilio walipowasha moto na kulala nje pamoja nami alipofariki, nimelichimba, nikapanda majani mapya. Nilidhani nitalia. Hakuna kitu.

Jirani yangu, Mama Ngoi, alinitazama juu ya uzio. "Mama Ilunga, kampani ya bwana yako inapatia bengine hii nyumba mwezi ile inakuya. Weye unamwangia nani maji ile majani?"

Watoto nitawapeleka wapi, sijui. Lakini majani niliyopanda leo yasipopata maji, yatakauka.

Nikaenda kuchota ndoo nyingine.