Nyuma ya Pazia la Chumba cha Tatu

Jumanne, 7 Mei

Mvua tena. Maji yameingia ukumbini mpaka kizingitini kwangu. Nimeziba kwa magunia, godoro nimelipandisha juu ya meza, na mie mwenyewe juu ya godoro. Eda gani hii ya kukaa kama kuku tengani.

Mama Hawa kaniletea uji, kama kila siku tangu Baba Shani azikwe. Mungu amuweke huyu mwanamke. Mumewe, Mzee Kondo, kapooza upande mmoja. Wa kumgeuza ni yeye, wa kumlisha ni yeye, na bado anavuka ukumbi na bakuli mkononi. Yeye chumba cha pili, mie cha tatu, milango inatazamana. Miaka kumi na tisa. Hata dada yangu wa tumbo moja sijakaa naye hivyo.

Mikono inaniwasha kwa kukosa nywele za kusuka. Wateja wangu wa kibarazani wameshahamia kwa msusi wa sokoni. Watarudi. Wasiporudi shauri yao.

Alhamisi, 9 Mei

Watu wa mradi wamekuja kuhakiki wapangaji.

Nyumba hii itabomolewa kupisha mfereji mkubwa. Mwenye nyumba atalipwa fidia yake, na sie wapangaji wa siku nyingi tutapewa nyumba za gharama nafuu kule Kinyerezi, ghorofani. Unalipa kodi kidogo kila mwezi mpaka inakuwa yako. Kila chumba chenye kaya kinapata moja. Baba Shani alilizungumza hilo mpaka pumzi ikamwishia. Kifua chake kimemalizwa na unyevu wa chumba hiki. "Kule maji hayapandi, mke wangu." Alikuwa akisema hivyo kila mvua ikinyesha.

Juzi nilimwomba Mama Hawa anisemee, maana mie nimo edani. Leo wakaja wanaume watatu na mwenyekiti wetu mpya wa mtaa, ambaye hata sura zetu hazijui bado. Nilikuwa nyuma ya pazia na nguo zangu nyeupe, nasikia kila kitu. Mmoja kauliza chumba hiki cha nani. Mama Hawa akajibu, "Cha mwanangu Idi. Yuko kazini."

Nilishtuka. Halafu nikaelewa. Ananisitiri. Hataki wanaume wageni wafunue pazia wamkute mjane. Kesho atawafuata ofisini awaeleze vizuri. Nikanyamaza.

Jioni alipoleta uji nikamshukuru. Nikamshika na mkono kabisa. Akasema usijali, mdogo wangu.

Ijumaa, 31 Mei

Nimetolewa eda. Bi Mwajuma, shangazi yake marehemu, ndiye aliyeniogesha. Gauni jipya kutoka kwa mwanangu Shani. Jua limeniumiza macho. Nimekaa kibarazani nikasuka kichwa kimoja cha mtoto, bure, ili tu vidole vikumbuke.

Jumamosi, 22 Juni



Majina yamesomwa ofisi ya mtaa. Chumba cha kwanza, sawa. Cha pili, Mzee Kondo na mkewe. Cha tatu, Idi. Idi! Idi wa bodaboda anayekaa Mbagala na mkewe, ambaye huku hajawahi kulala hata siku moja. Nikadhani wamekosea. Nikageuka kumtafuta Mama Hawa. Alikuwa anaangalia chini, anacheza na pindo la kanga yake.

Hakwenda kuwaeleza. Hakuwahi kutaka kuwaeleza. Alinipora mbele ya pua yangu, nami nikamwambia ahsante.

Nikamwambia ahsante!

Jumatatu, 24 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti. Kaniuliza kama nilisikia siku ile. Nikasema nilisikia. "Ukanyamaza?" Nikasema nilikuwa edani. Akatikisa kichwa. "Mama yangu, aliyenyamaza amekubali. Lete wapangaji wawili wa nyumba hiyo washuhudie."

Wawili! Nimegonga kila mlango. Wote wanajua ukweli, wote wamepata dharura. Mama Hawa ndiye kijumbe wa mchezo wao wa pesa, zamu zao za kupokea ziko mikononi mwake. Mama Asha wa chumba cha tano peke yake ndiye aliyekuwa na aibu ya kuniangalia usoni. Kaniambia, "Mama Shani, mie mwezi ujao ndo zamu yangu. Nisamehe bure."

Nikapita kwa Bi Mwajuma kulia. Hakunibembeleza. "Nani kakudanganya kuwa mwenye eda hana ulimi? Kwa jambo la haja unasema, tena nyuma ya pazia lako hapohapo. Haki yako inachukuliwa, wewe unakaa kimya kama gunia la mkaa?"

Kumbe. Sauti moja tu ingetosha. Namchukia Mama Hawa, na kidogo najichukia na mimi. Ila yeye zaidi.

Jumapili, 7 Julai

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwangu kinataka pia kusukwa. Mama Hawa kaja kibarazani na kitana chake kama zamani, kaketi, kaniachia kichwa. Anataka mtindo wa twende kilioni. Macho makavu!

Katikati ya kichwa akaanza kujieleza. Idi anahangaika, mkewe ana mimba, nami nina Shani, Shani ataolewa, nitakwenda kukaa kwake. Kapanga maisha yangu yote kabla sijamaliza mistari ya upande wa kushoto.

Nimekaza. Kila mstari nimeukaza mpaka ngozi ya paji ikapanda na nyusi nazo. Kaondoka anatembea kama aliyeona jini. Usiku nimemsikia akiguna kitandani. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu yasomwe majina.

Jumanne, 16 Julai

Nimewaza pilipili kwenye ndoo yake ya kuogea. Nimeacha, Mzee Kondo naye anaogeshwa maji hayohayo.

Nimewaza kwenda Mbagala kumtolea Idi maneno mbele ya wakwe zake.

Nimewaza mengine sitayaandika.

Madogo. Yote ni madogo. Mie nataka alipe kitu cha ukubwa uleule.

Alhamisi, 8 Agosti

Mzee Kondo amefariki alfajiri. Alikuwa mtu mwema, hakuwahi kunikosea hata kwa salamu. Nimemlilia kweli.

Nimepika msibani tangu asubuhi, nimebeba masufuria, nimepokea wageni. Wanawake wanasema Mama Shani ana moyo. Mama Hawa kanikumbatia, kalia begani kwangu mpaka blauzi ikalowa. Nilimpigapiga mgongoni. Mgongo mwembamba sana, sikujua kama kakonda hivyo.

Sasa naye kaingia edani. Chumba cha pili, pazia limeshushwa, nguo nyeupe. Mwosha naye huoshwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Namkorogea uji. Wa ulezi, na sukari natia. Nikiulizwa kwa nini, sijui nijibu nini. Yeye aliniletea. Sitaki deni lake lolote kwangu. Na nataka kuingia mle ndani kila siku nimwone.

Jumamosi, 24 Agosti

Mkutano wa mtaa. Kumbe si mie peke yangu, nyumba nyingi zimeingiza watu hewa. Mabinamu, mashemeji, watoto wa kutoka mikoani. Watu wamepiga kelele mpaka ofisa wa mradi akapanda juu ya benchi.

Katangaza hivi. Kutakuwa na uhakiki wa pili, mlango kwa mlango. Aliyeingiza mtu hewa aende mwenyewe ofisini kabla ya hapo, au atume mtu, asahihishe. Atasamehewa, nyumba yake itabaki. Atakayesubiri mpaka akutwe mlangoni atafutwa mtu hewa na atafutwa yeye. Hakuna rufaa.



Idi hakuwepo. Mama Hawa hawezi kutoka. Tulipokuwa tunarudi, Mama Asha akauliza, jamani, nani atamfikishia mwenye eda habari hizi?

Nikasema, "Mie. Si ndo napeleka uji?"

Jumapili, 25 Agosti

Nimepeleka uji. Kaniuliza mkutano ulihusu nini. Nikasema mambo ya taka.

Jumatano, 28 Agosti

Nimepeleka uji. Sijasema.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwona kaketi mkekani, kanga imemteleza kichwani, mistari niliyomsuka imeota mvi katikati. Karibu niseme. Halafu macho yangu yakaangukia ukutani kwake, ukuta mkavu, chumba chake kiko upande wa juu, maji hayafiki. Baba Shani alikufa huku ukutani kwangu kunachuruzika. Nikafunga mdomo.

Ijumaa, 30 Agosti

Leo yeye ndiye alianza. "Mama Shani, kuna jambo langu na wewe haliniachii usingizi. Nikitoka eda nataka nikalirekebishe."

Ukitoka eda! Mie nilisubiri nitoke eda nikakuta kimeshaliwa.

Nikamwambia apumzike, yataongelewa. Akaitikia kama mtoto. Nimekaa uani mpaka adhana ya isha, miguu haitaki kuingia ndani. Mwovu ni nani sasa kati yetu wawili? Naandika swali hili halafu nalifuta moyoni. Mwovu ni yeye. Yeye alianza.

Jumanne, 3 Septemba

Wamekuja.

Walewale watatu na mwenyekiti. Nimesimama ukumbini, nimejitanda vizuri, mgongo umenyooka. Majirani wote milangoni. Ofisa kauliza chumba cha tatu cha nani. Mwenzenu nilikuwa nimelifanyia mazoezi hilo jibu wiki nzima.

"Changu. Lakini msiniamini mie. Aliyesema ni cha mwanawe yumo humo cha pili. Yuko edani, ila ulimi anao, na dini inamruhusu. Muulizeni."

Mwenyekiti akaona haya. Ofisa akasita. Basi nikauliza mwenyewe, kwa sauti ya ukumbi mzima. "Mama Hawa! Wanauliza chumba cha tatu cha nani."

Pazia halikutikisika. Nilijua yumo hatua mbili tu nyuma yake, kama nilivyokuwa mie. Nikawaza, nyamaza. Nyamaza tu, aliyenyamaza amekubali.

Akasema. Sauti ilitoka chini, imepasuka. "Cha Mama Shani. Idi anakaa Mbagala. Nilisema uongo, Mungu anisamehe, na Mama Shani anisamehe." Akaanza kulia. Ukumbi mzima ulimsikia.

Ofisa akaandika, akasogea cha nne. Hakuna aliyemweleza Mama Hawa kinachomngoja. Mama Asha akaniangalia kwa muda mrefu.

Jioni nilipopeleka uji kanishika mkono. Mikono miwili. Anasema nimemtua mzigo, sasa hata eda yake itakuwa nyepesi. Anasema tutapewa ngazi moja huko Kinyerezi, milango itazamane kama hapa.

Sikuutoa mkono. Ulikuwa wa moto.

Jumamosi, 14 Septemba

Majina yamesomwa. Chumba cha tatu, mie, jina langu kamili, Zainabu, ambalo mtaa huu hakuna anayelijua. Ilibidi ninyooshe mkono ndo watu wajue kuwa ni Mama Shani.

Chumba cha pili, kimefutwa. Majina yote mawili, la mama na la mwana.

Nilifurahi. Humu siandiki uongo. Nilifurahi mpaka kigelegele kikanitoka, watu wakadhani nashangilia langu tu. Malipo ni hapahapa duniani, nikasema, na nikasema kwa sauti.

Mama Asha kanifuata nje. "Hukumwambia?"

Nikasema nilisahau.

Hakugombana. Kasema tu, "Basi kamwambie mwenyewe. Mie simwambii." Akaenda zake bila kuniaga. Nilitaka kumwita nimkumbushe nani alikuwa na dharura siku niliyogonga mlango wake. Nikafuata njia yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Hakuna mvua. Nimefunga vyombo, vichache kuliko nilivyodhani. Shati la Baba Shani nimeliweka juu kabisa, lisikunjamane.

Watabomoa kabla eda ya Mama Hawa haijaisha. Sijui atahamishiwa wapi na nguo zake nyeupe. Kwa Idi labda, chumba kimoja, na mtoto mchanga.

Jioni nimekoroga uji. Nimeuchuja mara mbili, usiwe na madonge. Nikavuka ukumbi, nikabisha, nikafunua pazia. Alikuwa kakaa palepale mkekani. Kaniuliza kama majina yamesomwa.

Nikamwambia anywe kwanza, usije ukapoa.

Akanywa wote. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Ahsante, mdogo wangu. Mungu atakulipa."

Nikachukua bakuli, nikaenda uani kuliosha.