Kadi ya Garland

Jumapili, 3 Oktoba 2010

Mwezi mmoja umebaki kabla ya kura. Mchungaji kahubiri habari za Kaisari, na hakuna aliyeuliza Kaisari ni nani. Baada ya ibada kikundi chetu kikabaki ukumbi wa chini, kahawa na pai ya tufaha. Delmar Hostetter, mwenyekiti – kiti alijipa mwenyewe – kasoma tena kurasa za ile sheria mpya ya matibabu ya Washington, tunayoipinga. Anasoma vibaya, lakini hasira anayo ya kutosha.

Hata mimi ninayo. Marehemu mume wangu, Leland, alingoja ofisi moja ya serikali imkubalie malipo ya ulemavu miezi kumi na minne, mgongo umekwisha, hawezi hata kufunga viatu. Barua ya kumkubalia ilifika siku ya kumi na moja baada ya kumzika. "Mpendwa Bwana," ilianza. Halafu watu walewale ndio waje kunipangia daktari? Wathubutu!

Mdogo wangu Garland kaleta vibao vipya vya kusimika uani. Vibao vyote vya kikundi anatengeneza yeye, mbao na rangi yake mwenyewe. SERIKALI, NIACHIE DAKTARI WANGU. Herufi zimenyooka kweli. Ila sauti yake imekwaruza tangu kiangazi. Anasema ni vumbi la mbao. Na kuna uvimbe shingoni anaouficha kwa kola. Anadhani sina macho.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimempelekea supu ya kuku. Nikafungua droo kutafuta kijiko – kadi. Kadi mpya ya bima, jina lake, na barua ya serikali. Ule mpango wao mpya kwa watu waliokataliwa na kampuni za bima kwa sababu ya maradhi. Ule ule tunaoupigia kelele!

Nimesimama na supu mkononi kama mjinga.

Akaingia, akaiona kadi. Hakukana. Akasema ana saratani ya koo. Hivyo tu, kavu. Daktari amempangia upasuaji tarehe kumi Novemba. Kampuni zote zimemkataa tangu moyo ulipomsumbua miaka mitatu nyuma, na karakana yake ya malori haiwezi kulipa hospitali.

Ningemkumbatia. Dada mwenye akili angemkumbatia. Mimi nikamuuliza, "Na vibao je?"

"Vibao naviamini, Dada. Shingo nayo ni yangu."

Nikamwita mnafiki. Akacheka kwa ile sauti ya msumeno. "Na ile kadi yako ya bima ya wazee, ya serikali hiyo hiyo, imeshushwa na malaika?"

Nikamwambia ile nimeilipia miaka arobaini kwenye mashine za kiwanda cha soksi. Akasema kodi analipa tangu ana miaka kumi na sita. Nikaondoka. Sufuria nimeiacha huko.

Jumatano, 6 Oktoba

Sijalala vizuri. Nimemlilia Mungu juu ya Garland, halafu nikaona sala yangu peke yangu ni ndogo. Mnyororo wa maombi unaanza kwangu. Mimi nampigia Maxine Kessler, Maxine anampigia wa tatu, na kuendelea mpaka wanawake ishirini na watatu wa kanisa wanapiga magoti kwa jina moja. Mtu akiwa na jambo la siri tunasema "ombi lisilotajwa". Jina tu. Mungu anajua mengine.

Nikampa Maxine jina la Garland. Lisilotajwa.

Maxine hakukata simu. Akauliza kama ni ugonjwa. Kama ni mwanamke? Nikasema angalau mwanamke ningeelewa! Akasema, "Verna mwenzangu, tutaombaje gizani?" Akavuta, akavuta, kwa ile sauti yake ya asali. Nami hasira ya jana ilikuwa bado haijapoa. Nikamwambia. Ya kadi nikamwambia. Ya saratani, aibu ikanishika, sikusema.

Angalia nilivyo. Ugonjwa wa mdogo wangu niliutunzia siri, kadi yake nikaitangaza.

Alhamisi, 7 Oktoba

Simu imerudi kwangu saa tatu asubuhi kutoka mwisho wa mnyororo, mama mmoja aliyedhani sijasikia. "Tumwombee Garland, amenunuliwa na Washington."

Mdomo wangu! Mdomo wangu!

Jumapili, 10 Oktoba

Benchi la Garland lilikuwa tupu pande zote mbili. Watu aliowatengenezea injini kwa mkopo mwaka mzima bila kuwadai leo wamegundua wanapenda kukaa mbele.

Baada ya ibada tumekuta vibao vyake saba vimepangwa nyuma ya lori lake, vizuri kabisa, kama vyombo vilivyooshwa. Watu wameving'oa uani kwao na kuvirudisha. Delmar alikuwa amesimama pembeni akitoa makombo ya pai kwenye shati.

Garland hakuniuliza ni nani aliyesema. Kanitazama tu, akapanda lori. Ningependa angenitukana.

Jumamosi, 16 Oktoba

Kikao nyumbani kwa Delmar. Nikasimama nikawaambia lote, la saratani pia. Maxine akalia. Nadhani alilia kweli.

Delmar akasema hapo ndipo tutakapoonyesha dunia. Kanisa hili halijawahi kumwacha mtu. Ghala la Hostetter lilipoungua, nani alilijenga? Sisi. Mtoto wa Kessler alipovunjika nyonga? Sisi. "Sisi tunatunza watu wetu," akasema, akapiga meza. Basi chakula cha hisani Ijumaa, kila nyumba na bakuli lake. Garland airudishe kadi, na tarehe thelathini, mgombea wetu akija uwanjani, asimame jukwaani aseme ameirudisha na kwa nini.

Niliuliza upasuaji wa koo na ujenzi wa ghala vinafananaje. Delmar akasema, "Dada Verna, imani yako imepungua lini?"

Nikaufyata. Mimi, niliyemzomea mbunge mkutanoni mwaka jana mpaka akasahau hotuba yake!

Ijumaa, 22 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Siwezi kusema uongo humu ndani, walikuja. Viazi vya jibini sufuria sita, maharage, nyama ya nguruwe, pai hata meza ikayumba. Mzee Amstutz, mjane asiye na kitu, alileta kuku wake wawili hai wauzwe kwa mnada. Wakauzwa mara tatu, kila aliyenunua akawarudisha wauzwe tena. Nimelia kwa wale kuku.

Watu wamemkumbatia Garland. Wamemsamehe kwa kosa la kutaka kupona.

Akasimama. Sauti ndogo, ukumbi mzima ukainamisha vichwa kusikia. Akasema barua ya kujitoa ameituma jana. Akasema yeye si ombaomba wa Washington, ana watu wake.

Walipiga makofi mpaka vijiko vikalia kwenye sahani. Nami nilipiga. Viganja vyangu hivi hivi, ninavyoandikia, vilipiga.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimemwendesha Garland kwa daktari. Saa moja na nusu njiani, mahindi yamevunwa, mashamba matupu.

Daktari ni mwanamke kijana, mpole. Akaangalia kompyuta, akauliza habari za kadi. Garland akamwambia. Daktari akamtazama, akanitazama mimi, kama anayetafuta mtu mzima chumbani. Akasema tarehe kumi ataishikilia, lakini hospitali itataka kuona nani analipa. Zile pesa zetu za kuku na pai hazitoshi kuvuka hata mlango. Akasema pia jambo ambalo hakuna aliyelisoma kwenye vikao vyetu vyote, na tumeisoma sheria ile kwa kalamu nyekundu: ukijitoa, huruhusiwi kurudi mpaka ukae miezi sita bila bima yoyote.

Nikamuuliza, na shingo yake? Inaweza kukaa miezi sita?

"Mama, mimi nisingengoja hata wiki sita," daktari akasema.

Ndani ya gari nikamwomba. Nikamwomba kweli, nikasimamisha gari kando ya barabara. Awapigie simu, aifute ile barua ya kujitoa, nitayameza maneno yangu mbele ya kanisa zima. Garland akatazama dirishani.

"Uliniita mnafiki, Dada. Nimeacha unafiki. Sasa unataka nini?"

Nilisema nataka awe hai. Akasema ningeanza na hilo.

Ningeanza na hilo. Sawa. Kweli.

Jumatano, 27 Oktoba

Nimempigia Delmar kumwambia habari ya miezi sita. Akasema Bwana hutoa njia. Nikamuuliza bima yake yeye inatoka wapi. Akasema ni ya mkewe, ya ualimu. Nikamuuliza mshahara wa mwalimu wa shule ya umma unatoka wapi. Kakata simu.

Maxine hapokei simu yangu tena. Mnyororo sasa wanauanzia kwake.

Jumamosi, 30 Oktoba

Mkutano wa uwanjani. Upepo baridi, bendera zinapiga kama shuka kwenye kamba. Mgombea kavaa jaketi la mkulima, jipya, mkunjo wa dukani bado unaonekana mgongoni.

Garland akapandishwa jukwaani. Aliandika maneno yake kwenye kadi ya kanisa, lakini sauti haikutoka. Hewa tu. Delmar akachukua kipaza sauti akamsomea. Yaani mdogo wangu amesimama pale, mdomo unacheza, na Delmar Hostetter ndiye anayesikika! Watu wakalipuka kwa shangwe. Mgombea akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema nchi inahitaji wanaume kama Gordon.

Gordon!

Garland akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya supu tumetazamana tukacheka, mimi chini, yeye juu. Halafu akakohoa, na kitambaa alichojifutia alikikunja haraka. Nikaona rangi yake.

Jumanne, 2 Novemba

Nimepiga kura asubuhi. Nimewapigia watu wetu walewale, tena kwa hiari yangu, usiniulize. Bado siiamini serikali. Leland yuko makaburini, hakuna sheria ya kumtoa. Lakini nilipotoka nje, ile stika ya "Nimepiga kura" niliibandua kifuani kabla ya kufika garini.

Garland kapiga kura yake, akanifuata nyumbani kunitengenezea ngazi ya nje ya mlango wa jikoni. Ubao umeoza. Anagonga tangu saa saba. Hajala. Hamezi vizuri.

Saa nane kasorobo nimepiga namba iliyo nyuma ya kadi. Niliinakili siku ile ile ya kwanza, kabla ya kumwita mnafiki – sijui kwa nini. Ninaandika haya nikiwa nangoja, simu begani. Muziki wa kinanda. Dakika ishirini. Thelathini. Nimefikiria kukata mara mbili. Leland aliwahi kungoja hivi, kichwa kimelala mezani.

Magari yanapita yakipiga honi. Wanasema jimbo lote limeelekea kwetu. Delmar kapita na bendera dirishani, akanipungia, nami nikampungia. Mkono ni mwepesi kuzoea.

Wamepokea. Ni binti. Nimesema yote kwa mkupuo, na mengine hakuyahitaji. Akatafuta. Akasema barua ya Garland ipo mezani, imefika, haijapitishwa bado. Inapitishwa leo jioni wakifunga. Inaweza kurudishwa.

Nikasema irudishe.

Akasema hawezi kwa neno langu. Mimi si mwenyewe. Lazima mwenye kadi aseme kwa mdomo wake, jina, tarehe ya kuzaliwa, na kwamba anabaki. Nikamwambia sauti yake imekwisha. Akasema hata kwa kunong'ona, mama, nitasikiliza.

Nimefungua dirisha. Waya wa simu unafika mpaka hapo. Nimemwita. Nimenyoosha mkono nje na simu, nikamwambia ni nani, nikamwambia na kinachotakiwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwambia Maxine, ingawa anajua. Nikamwambia samahani, kwa sauti, magari yanapita, wasikie wote.

Haji. Kapiga magoti kwenye ngazi, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Hagongi.

Nimeirudisha simu sikioni nikauliza kama wanaweza kungoja. Nilijiandaa kusikia imekatika. Binti akasema, "Ningojee kiasi gani, mama? Nipo mpaka saa kumi na moja."

Ni saa tisa na robo. Nimeiweka simu juu ya kizingiti cha dirisha, mdomo wake ukimwelekea Garland. Ametema msumari mmoja kiganjani. Wa pili.