Sahani ya Mama Zebunissa

Agincourt, Toronto,
Kanada.
9 Novemba 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba Mama Mdogo Kisa hajambo. Mimi mwili ni mzima. Upweke ndio unaonila.

Shahada ya uzamili nimeipata. Hakuna aliyepiga vigelegele. Hata picha nilijipiga mwenyewe.

Nimepanga chumba cha chini nyumbani kwa Mzee Hyderali, Mhindi mzaliwa wa Tanga. Yeye na mkewe, Mama Zebunissa, ndio pekee ninaozungumza nao Kiswahili; wajukuu wao hukielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Kila Jumamosi mama huyo aliniteremshia sahani ya bajia, nami sikuirudisha bila kitu ndani, maana kwao, kama kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu.

Wiki tatu zilizopita nilibishana na mzee tukinywa chai barazani kwake. Alidai kuwa wanafalsafa wa Ulaya wa zama za Mwangaza, walioandika kwamba binadamu wote huzaliwa huru, ndio waliotufungulia mlango wa uhuru. Nikamjibu kwamba baadhi yao waliwapanga binadamu kwa madaraja, na mkoloni akajenga shule kwa mpango huo: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika. Ilinipasa niishie hapo. Nikaongeza, "Mzee, unawasifu kwa kuwa wewe ulikalishwa daraja la pili."

Akaweka kikombe chini. "Bwana mdogo, na huo usawa wenu ulitaifisha nyumba ya baba yangu kule Tanga. Mkomamanga nilioupanda uani, sijui leo nani anauchuma." Akaingia ndani.

Hoja yangu ilikuwa sahihi, na bado naishikilia. Lakini ulinifundisha kwamba wapigania uhuru wetu waliyachukua maneno ya mkoloni mwenyewe kuhusu usawa wakamhukumu nayo. Mimi nimeyachukua nikamhukumu mzee aliyenipa chai.

Tangu siku hiyo hakuna kilichoshuka. Sahani ya mwisho ingali mezani kwangu, safi, tupu. Nasikia nyayo zao juu ya dari. Juzi nilijikuta nikiusemesha mwiko, ili tu nisikie Kiswahili.

Leo nimenunua makomamanga mawili. Nimeyapukuchua, sahani imejaa. Nikishafunga bahasha hii nitapanda ngazi nayo, na hoja nitaziacha huku chini.

Msalimie Mama Mdogo, na Shangazi Anaeli umwambie sijasahau sala zake. Mungu aizungushie nyumba yenu amani.

Mwanao akupendaye, hata anapobisha,
Elinaza