Kadi Mbaya Hurudishwa

Nyumbani, jikoni,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko mliko? Wifi hajambo? Na wanangu wanasoma, au wanakula tu chakula chako? Mimi mwili mzima, moyo ndio unanisumbua. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii unaijua, ukinong'ona jikoni Mama anaitikia chumbani. Nikimaliza nitaipiga barua picha nikutumie.

Kiwandani mambo si mambo. Oda za mashati zimekatika, cherehani zimefunikwa, nasi mafundi tunaingia zamu kukaa tu, kila mtu akisubiri kusikia nani atabaki. Ndipo mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Redio maana hazimiki, akatuonyesha mchezo wa taroti, zile kadi za kupigia ramli, kwenye simu. Unauliza swali, unagusa kadi, inafunuka picha na maneno yake. Tulimuulizia msimamizi wetu mkali, akatokewa na kadi ya Mpumbavu. We acha! Tulishika mbavu.

Sheria yetu ilikuwa moja, kadi mbaya hurudishwa. Ukipata Mnara unaoungua, bonyeza tena mpaka upate Jua. Nani anataka balaa la bure?

Nikaupeleka mchezo nyumbani kumchangamsha Mama, maana tangu kidonda cha mguu kimwanze alikuwa amenuna kutwa. Akaupenda kuliko sisi. Kila asubuhi kabla ya chai, "Mwanangu, hebu nifunulie." Mbaya ikija anapunga mkono, "Rudisha hiyo, si yangu," na nyumba nzima inacheka.

Mwezi uliopita daktari akampima, akasema sukari imeua vidole viwili, vikatwe mapema ili mguu upone. Mama akanigeukia, akapunga mkono ule ule. "Rudisha," akaniambia. Nilicheka, Kaka, mbele ya daktari. Kumbe mama wa watu hatanii.

Tukaenda kwa daktari wa pili, akasema vilevile. Wa tatu tulipanda mabasi mawili kumfikia, naye vilevile. Kila tukitoka, "Huyu naye hajui, tutafute mwingine." Nimemgombeza, nimemlilia, nimeificha na simu yenyewe. Shemeji yako akamwambia mguu si mchezo. Akamjibu kwamba sisi hatujawahi kuikubali kadi mbaya hata siku moja, mbona yeye tunamlazimisha?

Hatimaye akampata wa kumwambia anachotaka, muuza dawa mmoja wa sokoni, aliyempaka mafuta na kumwahidi kidonda kitafunga ndani ya wiki mbili tu. Siku hiyo Mama alikula akamaliza sahani. Nami nikajidanganya naye, maana nilikuwa nimechoka.

Hakikufunga. Ijumaa aliamka na homa, na chumba kinanuka hata ukifungua dirisha. Tulimbeba tukamrudisha kwa yule daktari wa kwanza. Safari hii hakutaja vidole. Aliweka kiganja juu ya goti, akasema ni ndani ya wiki moja, na akikawia zaidi hata kukata hakutasaidia.

Mama amegeukia ukutani. Sote ametukatalia. Anasema atasikiliza neno la mwanawe mkubwa, basi. "Nimemzaa yule kwanza," anasema, "yeye hawezi kunikata."

Kaka, nakujua. Wewe kwa Mama ni mlaini kama uji. Atakuuliza kama hakuna njia nyingine, kwa sauti ile ya kukufanya urudi mtoto. Nakupigia magoti, usimwambie umesikia kuna dawa huko kwenu. Usimwambie atapona, hilo hatulijui. Usimwambie tufikirie kwanza.

Msalimie sana wifi, na wanangu uwabusu mmoja mmoja. Shemeji yako anakusalimu. Hata Redio anakusalimu, ingawa siku hizi kanyamaza.

Kesho asubuhi nitamwekea Mama simu sikioni. Mwambie akatwe mguu. Liseme neno lenyewe, na usilie mpaka nikate simu. Mungu akutie nguvu, maana mimi zangu zimeisha.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba wenu