Folda ya Shangazi

Shoga, uko wapi? Soma hii kabla sijapasuka.

Unazijua zile rekodi za marehemu shangazi akisimulia hadithi, ninazowagawia ndugu kwa torenti, ile programu ya kugawana mafaili mtandaoni. Leo zimekwama kwa wote. Mashine yangu ndiyo pekee yenye mafaili kamili, nayo inasema haiyaoni.

Kaka mkubwa kaandika kwenye grupu la ukoo: "Amefuta sauti ya shangazi. Aombe radhi."

Amefuta. Mimi.

Mjomba naye: "Mwanangu, omba tu yaishe."

Sikuomba. Nikatafuta mpaka nikaikuta folda nzima kwenye diski mpya. Na nani alikuja Jumapili kunipangia kompyuta bila kuombwa? Kaka huyo huyo.

Nikaielekeza torenti huko. Ikagoma tena, haina ruhusa ya kusoma. Bwana mkubwa alihamisha kwa akaunti yake, folda ikawa mali yake peke yake.

Nikampigia. Eti, "Usiguse, nitakuja mwenyewe kesho."

Usiguse. Kompyuta yangu, mezani kwangu.

Nikapiga picha ya skrini, kisha nikagusa. Nimeirudisha folda kwenye jina langu, nikairuhusu torenti isome, nikaiambia ikague upya. Hakuna kilichopotea. Mjomba ameshaanza kusikiliza.

Sasa kaka ananiandikia pembeni: "Dada, haya tuyaache kati yetu."

Kati yetu.

Nimeituma ile picha kwenye grupu, jina lake likiwa pale pa mwenye folda, chini ya ujumbe wake ule ule wa "Aombe radhi." Sijaongeza neno.