Shangazi, Tumekushukia Maji Makali

Mulembe, Shangazi.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako cha barazani hapa Ndalu, kile chenye mguu uliofungwa waya. Usinune. Nimekikalia kwa adabu, sijaegemea nyuma. Mahindi tumevuna, na yale ya kule bondeni uliyosema hayatafika popote ndiyo yaliyotushangaza. Ng'ombe wako amezaa ndama jike. Akina mama wa kanisa bado wanakosea wimbo pale pale ulipokuwa ukiwakatiza, ila sasa hakuna wa kuwakatiza, kwa hiyo wanaendelea na kosa lao mpaka mwisho. Na mwanao Wafula amelala humu ndani, kwenye kitanda chake cha utotoni, miguu imetokeza nje. Hiyo ndiyo habari kubwa, lakini siwezi kukupa kabla sijakushukuru.

Unakumbuka ulivyotangaza mbele ya hao akina mama kwamba ukistaafu ualimu mkuu utashuka mto Nzoia kwa boti ya mpira? Tena si kule juu penye maji yaliyolala. Ulitaka huku chini, upande wa Webuye, kwenye mawe na mapovu. Wenzako walicheka mpaka chai ikawapalia. Mimi sikucheka. Nilijua ukisema umesema, na kwamba utakayemburuta ni mimi, nisiyeweza kuogelea hata kwenye karai.

Siku ile nilipofunga duka langu la kushona sare pale Kitale tukaondoka, nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kukuzuia. Umri wako. Presha yako. Na ule uvimbe ambao madaktari wa Eldoret waliukata na bado ukarudi. Vijana wa boti wakatueleza kwamba kuna safari mbili, ya maji tulivu na ya maji makali, mama achague. Nikafungua mdomo nianze hotuba. Ukanitangulia.

Ukasema, tulivu.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Wakakuvisha jaketi la kuelea, wakakuvalisha helmeti juu ya kitambaa chako kwa sababu ulikataa kukivua mbele ya wavulana, tukaingia majini. Na mimi, mjinga, nilidhani maji tulivu ni kukaa ukipigwa na upepo. Kumbe maji yasipokusukuma, wewe ndiye unayesukuma. Tulipiga kasia mpaka mabega yakawaka, nawe ukiniitia moja-mbili, moja-mbili, kama mtoto wa gwaride.

Mto ulipopanuka, pale ndege weupe walipokuwa wamesimama kwenye matope, uliweka kasia magotini ukaniambia kwamba hurudi tena Eldoret. Kwamba umechoka na zile dawa. Umeomba, umefikiri, na umeamua kumaliza siku zako nyumbani kwako, kwa akili zako timamu, bila kutapika kila asubuhi.

Unanijua, Shangazi. Jambo zito likianza kuzungumzwa, mimi huinuka kwenda kuangalia chai. Ndivyo nilivyo tangu mama yangu alipougua, kabla hujanichukua ukanilea. Hata yule mchumba wangu wa kwanza alipokuja kuniacha, mimi nilikuwa jikoni, akabaki sebuleni akiiambia kalenda. Siku ile nilishika ukingo wa boti nikainuka nusu. Boti ikayumba. Nawe, bila hata kunigeukia, ukasema:

"Kaa, Naliaka. Hapa hakuna jikoni."

Nikakaa. Kepha, yule kijana aliyetuongoza, akajifanya anatazama ndege. Nililia ndani ya ile helmeti mpaka kamba yake ya kidevuni ikalowa, na wewe ukaendelea kuniambia yote. Nguo utakayozikwa nayo. Wimbo. Kwamba wanasiasa wasipewe kipaza sauti. Halafu ukafika kwa Wafula. Ukasema nisimwambie kwanza, kwa sababu atakubeba mgongoni akurudishe hospitali, na wewe huna nguvu ya kupigana na mtoto wako. Nimwambie baadaye, vumbi likitulia. Nikakuahidi.

Jioni yake nikiwa kwangu ndipo nilipoelewa. Kwenye maji makali ni kelele na amri tu, hakuna anayemsikia mwenzake. Uliiacha safari uliyoitamani miaka yote ukachagua nyingine, ili mimi nikose pa kukimbilia. Asante, Shangazi. Asante sana. Ulinipa miezi mizima ya kukuosha miguu nikijua kwa nini naiosha. Nilikuuliza kuhusu mama yangu maswali niliyokuwa nimeyameza tangu nikiwa msichana, na ukanijibu yote, hata yale yaliyokuchoma. Watu wengi hupata simu ya msiba tu.

Lakini vumbi halikutulia. Wafula alipotoka Bungoma kuja kukuzika, aliambiwa na watu kwamba uliacha matibabu. Akajumlisha mwenyewe. Naliaka alikuwa karibu, Naliaka alijua, Naliaka alinyamaza. Hakunigombeza. Ingekuwa heri angenigombeza. Aliacha tu kukanyaga Ndalu, na kila nilipompigia alikuwa yuko kazini, atanipigia. Nyumba yako ikawa inafunguliwa na mimi peke yangu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na ahadi yako imenikaa kooni.

Mwishowe nikamwambia neno moja tu: mama yako alitaka kushuka maji makali, twende tumshukie. Nilikuwa na hesabu yangu, nimpeleke kwenye yale tulivu, nimfanyie kama ulivyonifanyia. Kumbe damu yako haidanganyiki.

"Iwe yale makali kweli," akasema. "Kama ni yale ya kupiga stori, mimi siji."

Basi, Shangazi, nimeshuka maji makali. Kepha alinifundisha kwamba nikianguka nilale chali, miguu iende mbele, nisijaribu kusimama. Nikamwambia sina mpango wa kuanguka. Tulipita mawe ya kwanza nikiwa nimefumba macho. Ya pili nikafumbua. Kelele ile sijui nikueleze vipi, ni kama malori yanayomwaga kokoto bila kuisha. Kepha anapaza sauti, piga mbele, piga mbele, shika kamba, na mara boti ikainuka upande wangu na mimi sikuwa ndani tena.

Nililala chali. Nilimeza mto. Nilikuita wewe, sio Mungu, naye anisamehe. Halafu mkono ukakamata jaketi langu begani ukanivuta, nikaangukia ndani ya boti juu ya mtu, na mtu huyo alikuwa Wafula wako.

Jambo nililokuwa silijui ni kwamba mawe yakiisha, mto unatulia. Pale chini pana maji mapana, yamenyamaza kabisa, boti inaelea tu yenyewe. Wafula alikuwa bado ameshika lile jaketi, vidole vimekataa kufunguka. Maneno niliyoyapanga yalikuwa yamekwenda na maji. Nikamwambia tu. Nikamwambia ulivyoamua, ulikosemea, na kwa nini hukumwambia yeye.

Akaliachia jaketi langu, kidole kimoja kimoja.

"Alisema hivyo?" akauliza. "Kwamba nitambeba mgongoni?"

Nikamwambia ndivyo ulivyosema.

"Ningembeba," akasema. "Haki ya Mungu, ningembeba."

Ndipo akalia, Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, mwanamume mzima na helmeti kichwani. Kepha akatafuta ndege wa kutazama. Na mimi sikutazama pembeni wala sikutafuta la kufanya. Nilikaa naye mpaka boti ikagusa mchanga.

Amekuja nami Ndalu. Jana alikwenda kaburini kwako peke yake, akarudi akiwa na njaa, akala ugali wote na akauliza kama kuna mwingine.

Pumzika, mama yangu wa pili. Kiti chako nitakitengeneza mguu. Na nakuahidi hili hapa nilipo: mtu akija na jambo lake zito, hatanikosa tena. Ulinifundisha ukubwani, lakini nimeshika.

Wafula ameamka. Ametoka na blanketi mabegani, amevuta kigoda, anasema kuna kitu kuhusu siku ya mazishi anataka kuniambia. Chai inachemka huko jikoni, naisikia inavyopandisha kifuniko.

Nimekaa.

Naliaka wako